Swali Lisilosubiri Jibu

“Jumamosi wazee wanaenda kwenu kukuposa. Niwaambie waende ama wakae?”

Selipher alisoma ujumbe wa Titus, akaifunika simu mezani, akaendelea kukata vitunguu. Hata machozi ya vitunguu yalimgomea siku hiyo.

Juzi tu yeye na familia aliyoifanyia kazi walikuwa wamerudi Jeddah, nyumba ileile ya Al-Safa. Miaka miwili madam alikuwa akisoma Uingereza, na Selipher akawa naye katika kijiji cha huko, akilea watoto. Titus, dereva wa nyumba na mchumba wake, kafili, mwajiri wao, alimhamishia kwa ndugu yake Riyadh. Leo Titus alikuwa amemleta ndugu huyo kusalimia. Mlango wa nyuma ukagongwa, akafungua. Alikuwa Titus.

“Sele. Uko sawa?”

“Niko sawa.”

“Umesoma?”

“Nimesoma.”

“Na?”

“Niko sawa, Titus.”

Titus akaweka chini katoni ya tende.

“Tangu uende unanipa hilo moja tu. Hata mama yako alipozikwa nilikupigia, ukasema uko sawa. Kama kuna mtu huko, sema. Nisipeleke wazee wa watu kuaibishwa.”

“Mtu?” Alikaribia kucheka. “Kulikuwa na mzee na mbwa wake.”

“Mzee?”

“Kila asubuhi tukikutana ananiuliza, uko sawa? Siku ya kwanza nikamjibu vile tunajibu kwetu. Nikamwambia baridi inanikula vidole, viatu vinanifinya, nimekumiss wewe Titus. Kuinua macho, mzee ashafika kanisani. Mbwa ndiye aligeuka.”

Titus hakucheka.

“Kumbe huko ni salamu tu. Unaulizwa, unasema sawa, mnapitana. Nikazoea. Mama alipoenda, nikasema sawa. Siku tunahama, masanduku yako kwa gari, mzee akaniuliza tena. Nikasema sawa. Hata hajui nilienda. Ni pahali pazuri, kondoo, maua mpaka dirishani. Lakini nimetoka huko na hakuna mtu nimeaga.”

Ndani madam akaita, “Yalla, Selipher, gahwa!”

“Naja, madam.”

Akabandika kahawa, akarudi mlangoni. Alitaka kulia, kilio kikakataa, na jambo hilo lilimtisha kuliko kuachwa.

“Mimi sipiti,” Titus akasema. “Nimeuliza na nimesimama. Uko sawa?”



“Hapana. Sisikii kitu. Mama sijamlilia. Nikikuangalia najua nilikupenda, lakini ni kama habari za mtu mwingine. Sijui kama itarudi.”

Titus akatoa simu, akapiga nyumbani.

“Baba mdogo, wazee wasiende Jumamosi.”

Hapo kifua cha Selipher kikachoma, kidogo tu, lakini kikachoma.

“La, hajanikataa. Ana matanga ambayo hajalia. Posa haipiti juu ya matanga. Tutangoja.”

Akakata simu, akatazama pembeni, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Selipher akamwona, kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguke. Alikuwa amekonda.

“Titus,” akasema. “Na wewe, uko sawa?”

Kahawa ikachemka, ikamwagikia jiko, madam akaita tena. Selipher hakugeuka. Alikuwa anangoja jibu.