Televisheni Mbili Ukutani

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kwanza ya Jicho ilikuwa kufagia karakana ya baba yake, na ya pili ilikuwa kupanga skrubu kwenye makopo kwa ukubwa wake. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Baba yake alikuwa fundi wa televisheni, na fundi akishajikunja nyuma ya televisheni iliyofunguliwa hawezi kuona kinachotokea mbele. Kwa hiyo Jicho alikaa mbele kwenye kigoda, mikono magotini, akawa anamwambia.

“Sasa?” baba aliuliza kutoka nyuma.

“Bado. Nyuso za watu ni za kijani.”

“Na sasa?”

“Zimepona, lakini kuna mstari unapita juu. Msomaji wa habari hana paji la uso.”

Ndivyo alivyopata jina lake hilo, akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na hata mwalimu wake alimwita hivyo. Aliwahi kulichafua mara moja tu. Siku hiyo alikuwa na hamu ya kwenda kucheza, akasema picha imepona wakati haijapona. Mwenye televisheni aliirudisha jioni hiyohiyo akiwa amefura kwa hasira, na baba akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Jumamosi hii, kabla hata makopo hayajapangwa, aliingia bibi muuguzi. Mtaa mzima ulimjua. Wanaume wenye ndevu zao, aliowachoma sindano walipokuwa wadogo, bado walimwamkia wakiwa wamesimama mbali kidogo.

“Shikamoo, bibi,” alisema Jicho.

“Marahaba, mjukuu wangu. Haya fundi, mgonjwa wangu anaendeleaje?”

Baba alijifuta mikono kwa kitambaa. “Sitakudanganya, mama. Mgonjwa ameshakula chumvi ya kutosha. Kioo kimekufa, na vipuri vyake havipatikani tena.”

Bibi muuguzi alitikisa kichwa. Habari za namna hiyo alikuwa amewapa watu wengi maishani mwake, na alijua kuzipokea. Kisha akavuta kiti akakaa.

“Basi nisikilize. Nimefanya kazi ya zamu miaka thelathini na mitano. Nimestaafu, kiinua mgongo nimekipata, na nataka kitu kizuri kwelikweli mara moja maishani. Naambiwa kuna televisheni za hali ya juu, ukiona mvua inanyesha unatafuta mwavuli. Lakini bei yake ni mara tatu ya ile ya kawaida. Ninachotaka kujua ni kama uzuri wake nao ni mara tatu. Kiinua mgongo hakitoki mara mbili. Twende ukanitazamie.”

“Twende,” alisema baba. “Na Jicho naye aje.”

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa na ubaridi mtamu na sakafu ya kuteleza. Ukuta mzima ulijaa televisheni. Dada muuzaji, aliyevaa fulana ya duka iliyopigwa pasi vizuri, aliwapokea kwa bashasha akawaonyesha mbili zilizotundikwa bega kwa bega, zenye ukubwa sawa. Ya kushoto ilikuwa ya bei kubwa, ya kulia ya kawaida. Zote zilionyesha filamu ileile ya ndege wa rangi nyingi.

Baba aliomba kwanza kusoma karatasi za dhamana, akaenda nazo kaunta pamoja na bibi muuguzi. Jicho alibaki ameduwaa mbele ya ndege. Hapo ndipo alipomwona dada muuzaji akichukua rimoti ya televisheni ya kawaida na kubonyeza mara tatu, nne. Manyoya mekundu yakawa ya kahawia. Anga ikawa kama maji yaliyooshewa vyombo.

Dada muuzaji aligeuka, macho yao yakakutana. Hakushtuka sana. Alifungua droo akatoa hedifoni mpya, bado ziko ndani ya mfuko wake wa plastiki.

“Chukua, mdogo wangu. Zawadi ya duka,” alinong’ona. “Una macho mazuri. Ukiulizwa ipi inapendeza, sema tu unachokiona.”

Darasani kwao, nusu ya wanafunzi walikuwa na hedifoni, na Jicho alikuwa ameziomba nyumbani mpaka akachoka. Alizitia mfukoni haraka. Alijiambia kwamba hajaahidi kusema uongo wowote. Televisheni ya kushoto ilikuwa nzuri zaidi kweli, hata kipofu angeona, kwa hiyo kosa liko wapi?

Baba na bibi muuguzi walirudi. Bibi alisimama mbele ya ndege akaweka mkono kifuani.

“Jamani! Huyu ndege utadhani atanitua begani.”

Baba aliitazama ile ya kulia, akakunja uso. “Ajabu. Za aina hii nimezitengeneza nyingi, haziwi hafifu namna hii.”

“Ndiyo tofauti ya bei hiyo, fundi,” dada muuzaji alidakia. “Kizuri kinajieleza chenyewe.”

“Na wewe, Jicho, unaonaje?” aliuliza bibi muuguzi.

“Ya kushoto, bibi. Ile nyingine imefifia.”

Lilikuwa jibu la kweli, lakini alilitoa bila kumtazama bibi usoni. Bibi muuguzi alifungua mkoba wake.

“Basi mimi nimekata shauri. Mafundi na wauzaji kila mtu ana lake, lakini mtoto hana anachopata hapa. Mtoto anasema alichoona.”

Jicho aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mfukoni, ule mfuko wa plastiki ulikuwa ukitoa sauti kila alipopumua, au yeye ndiye aliyeona hivyo. Alitazama vidole vya yule bibi, vilivyopinda kwa kazi, vikitafuta pochi. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Angerudi nyumbani na hedifoni zake, na hakuna ambaye angejua.

“Bibi, ngoja,” alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. “Mimi nimepata. Nimepewa hizi.” Alizitoa akaziweka kaunta. “Na ile televisheni haikuwa imefifia tulipoingia. Imefifishwa kwa rimoti. Niliona, nikanyamaza kwa sababu nilizitaka hizi hedifoni.”

Ukutani ndege waliendelea kuruka. Dada muuzaji alitazama viatu vyake. Jicho alisubiri baba afoke, lakini baba alinyoosha mkono tu.

“Dada, tupatie rimoti zote mbili.”

Baba alizirudisha televisheni zote mbili kwenye mpangilio wa kiwandani. Manyoya ya kulia yakawa mekundu tena. Kisha akaomba ile filamu ya ndege izimwe.

“Filamu hii imetengenezwa kuuzia televisheni,” alieleza. “Mama, wewe nyumbani unatazama nini?”

“Taarifa ya habari. Na vipindi vya wanyama.”

“Antena ipi?”

“Ileile uliyonifungia juu ya paa.”

“Na kiti chako kiko hatua ngapi kutoka kwenye televisheni?”

Bibi muuguzi alifikiri, akaanza kutembea dukani akihesabu hatua kama yuko sebuleni kwake. Alifika saba, akasimama karibu na majokofu. Dada muuzaji, bila kuambiwa, alimletea kiti. Baba aliunganisha televisheni zote mbili na antena ya kawaida ya duka, ikatokea taarifa ya habari. Bibi alivaa miwani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudia kushoto.

“Mtangazaji ni yuleyule,” alisema mwishowe, “na kipara chake kinang’aa sawasawa pande zote mbili.”

Hata dada muuzaji alicheka.

“Sasa fumba macho, usikilize,” alisema baba. Alimfungulia sauti ya moja, kisha ya nyingine. Bibi hakuweza kuzitofautisha.

“Lazima niseme yote,” baba aliendelea. “Ile ya bei kubwa haina hila. Weusi wake ni mweusi zaidi, na ukitazama filamu chumba kikiwa na giza, utafurahi. Wewe huwa unazima taa?”

“Nizime taa, nijigonge kwenye meza? Nani atanifunga bandeji?”

“Na dirisha lako kubwa linatazamana na televisheni. Angalia kioo cha hii. Kinarudisha mwanga sana.”

Bibi alisogea akainama, akajiona ndani ya kioo cha televisheni ya bei kubwa, miwani na kila kitu. “Sura hii naifahamu vizuri,” alisema. “Sihitaji kuilipia mara tatu ili niitazame tena.”

Akanunua ile ya kawaida. Dada muuzaji alifungua boksi lake mbele yao, akaiwasha waione inafanya kazi, akaifunga tena kwa uangalifu. Alipomkabidhi baba risiti alisema kwa sauti ya chini, “Nisameheni.” Kisha akamtazama Jicho. “Na wewe, mdogo wangu. Sikupaswa kukutia katika jambo hili.”

Njiani, bibi akiwa ametangulia, baba alimuuliza Jicho kwa nini hakusema mapema.

“Nilizitaka sana, baba.”

“Najua. Umeziomba tangu mwaka jana.” Walitembea kidogo. “Mara nyingine ukitaka kitu hivyo, njoo uniambie kabla hujanyamaza. Tutatafuta njia.”

Alasiri, televisheni mpya ilisimama sebuleni kwa bibi muuguzi. Baba alikuwa nyuma akifunga nyaya, na Jicho mbele kama kawaida. Picha ilitulia, simba akaonekana amelala nyasini. Bibi alikaa kwenye kiti chake, hatua saba kamili.

“Haya, Jicho. Niambie. Inaonekanaje?”

Jicho alisita. Alimpenda yule bibi, na alitaka kumfurahisha. “Nzuri, bibi. Picha safi kabisa.” Kisha akaongeza, “Lakini ile nyingine ilikuwa nzuri zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, niliona manyoya ya ndege moja moja.”

Baba alikohoa nyuma ya televisheni. Bibi muuguzi aliangua kicheko mpaka akavua miwani aifute.

“Njoo ukae hapa,” alisema, akampisha kwenye kiti. “Najua ilikuwa nzuri zaidi. Mtu anayeenda kununua huuliza, ‘Ni nzuri?’ Hilo swali ni nusu tu. Aulize pia, ‘Huo uzuri utanifikia mimi, kwenye kiti changu, kwa macho yangu haya?’ Ule wa leo usingenifikia. Ningeulipia tu, halafu ubaki palepale kwenye kioo.”

Aliivaa miwani tena, na sasa hakuwa anacheka.

“Na kuhusu wewe. Wodini nilifanya kazi na wasaidizi wengi. Walikuwapo waliosoma kipimajoto vile daktari anavyopenda kusikia, na walikuwapo waliosoma kilichoandikwa. Wa kwanza walikuwa wazuri wa maneno, lakini mgonjwa wangu sikuwaachia hata siku moja. Leo asubuhi ulinichelewesha ukweli, na nusura unigharimu. Lakini uliutoa mwenyewe, mbele ya watu, wakati kunyamaza kulikuwa na faida. Na sasa hivi umenipa mwingine ambao ungeweza kuumeza bila mtu kukulaumu. Mtu wa namna hiyo hauzwi dukani kwa bei yoyote.”

Jicho aligeukia televisheni. Alitazama simba, lakini machozi yalikuwa karibu, na simba akawa wawili.

“Fundi!” bibi aliita. “Mwezi ujao nanunua jokofu.”

“Nitakuja, mama,” baba alijibu kutoka nyuma.

“Wewe pumzika na bisibisi zako. Nitamfuata huyu.”