Tangi la Picha

Jamani, wengine hukutana kanisani. Bathsheba alikutana na Bonface sokoni Migori, vidole vikinuka omena, dagaa wa ziwani aliokuwa akiuza, mwanamume mwenyewe akiwa na kamera na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, anamwambia, "Mrembo, shika huo mfereji, kisha ucheke!"

Kampuni ya sukari iliyomwajiri Bonface ilikuwa imewaletea akina mama wa soko tangi la maji. Bathsheba akafunga leso yake ya kijani kwenye mfereji, ipendeze pichani. Akampa na namba ya simu, loo!

Kesho yake tangi likaondoka kwa lori. "Fundi analirekebisha, sweetheart," Bonface akasema. Bathsheba akamwamini, wakaendelea kupigiana kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula omena. Wewe je, umekula hilo shati jeupe?"

Wakacheka wee. Kisha Bathsheba akaona picha kwenye Facebook: soko la Homa Bay, tangi lile lile, leso yake ikining'inia.

"Bonface! Leso yangu inafanya nini Homa Bay?"

"Babe, sikiliza. Tangi ni moja, masoko ni mengi. Bosi anataka picha za ripoti."

"Na sisi tunywe picha? Mzee wetu Mama Monari anabeba maji kutoka mtoni na mgongo wake ule unaouma! Halafu unaniita babe! Usinipigie tena."

Akazima simu, akalia kwa hasira. Bonface naye hakulala. Alimpenda kweli, mjinga yule.

Siku ya soko lori likarudi na tangi, likalishusha. Bonface alikuwa amemdanganya bosi kwamba picha za Migori ziliharibika. Lori lilipoondoka kwenda kujaza mafuta, akaita gari la maji, akalijaza tangi mpaka juu.

Dereva akarudi na vijana wanne kulipakia tangi. Wakasukuma, wakatukana, wapi! Lilikuwa zito mno. Bosi akafoka kwenye simu: "Mwageni hayo maji!"

"Mtu aguse mfereji aone!" Bathsheba akasema, na akina mama wote wakasimama.

"Bonface, kazi huna!" bosi akamaliza.

Bonface, shati limelowa chapa, akamgeukia Bathsheba. "Babe, kazi sina. Utakubali nikuoe?"

"Ai! Mbele ya omena? Tena huna hata haya!" Lakini machozi yalikuwa yakimtoka. Akajaza mtungi, akamsukumia. "Mpelekee Mama Monari kwanza. Ukirudi, nitakujibu."

Bonface akaubeba begani, maji yakimwagikia shingo, akaenda mbio.

"Polepole, mume wangu!" Bathsheba akapiga kelele. "Utayamwaga yote!"