Kwa Bi Icilda Hakuna Chumba

Verlene aliinunua ile nyumba ya mjini Porus Jumamosi moja ya jua zuri, na siku hiyo Jamaika nzima hapakuwa na mwanamke mwenye raha kumshinda. Miaka na miaka alikuwa amefua mashuka ya hoteli kule Montego Bay, mikono ikachubuka kwa dawa, huku akijiwekea kidogo kidogo. Sasa naye angeitwa mama mwenye nyumba. Angepangisha chumba cha mbele, kodi yake ingekarabati cha nyuma, na cha nyuma kingemtoa kwenye mashuka ya watu. Alizipiga hesabu hizo mpaka akaziota, na wala hazikuwa hesabu mbaya.

Bi Icilda, mwenye nyumba wa zamani, alikuwa ameshazikwa, na usiku wa tisa majirani walikuwa wameondoa matanga kama ilivyo ada. Kisha wakakivuruga chumba chake. Kitanda kikubwa cha mkangazi wakakisukumia dirishani, kabati wakaliweka mshazari, kioo wakakigeuzia ukutani. Hufanywa hivyo makusudi, ili marehemu akirudi asikitambue chumba, aende zake.

Verlene aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alitaka kupiga picha za kuwavutia wapangaji, na chumba kilikaa kama stoo.

"Hicho kitanda usikiguse, mwanangu," alisema jirani yake, Bi Pansy, akiwa kwenye ua na shelisheli la kuchoma mkononi. "Au kisukume utakako, ila si pale kilipokuwa."

"Sasa Bi Pansy, nani atapanga chumba kisichofunguka dirisha?"

"Haya. Mie nimeshasema."

"Mizuka hailipi kodi," Verlene akajibu, akacheka peke yake.

Kwenye sakafu ya mbao palikuwa na mabonyeo ya miguu ya kitanda, ya miaka mingi. Akakivuta mpaka miguu ikaingia humo barabara. Chumba kikapendeza kweli, akapiga picha zake.

Mpangaji hakukawia. Alikuwa Tamoya, nesi wa zahanati, msichana safi asiye na makelele. Wiki haijaisha, akampigia Verlene simu mchana.

"Samahani, mama. Huyu bibi uliyempa ufunguo huwa anaondoka saa ngapi?"

"Bibi yupi?"

"Huyu anayenikunjia nguo." Sauti ikashuka. "Yuko kitandani. Namwambia hiki chumba nimepanga, anasema yeye hajapangisha mtu."

Verlene alipofika, Tamoya alikuwa ameshahama. Kodi yake hakuidai.

Habari zikaenea. Waliokuja kuangalia chumba waliishia mlangoni, wakasema watafikiria. Waliokuja kununua nyumba nao wakasema hivyo hivyo. Na Verlene alikuwa ameshaaga kazini, tena kwa mbwembwe, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi. Akahamia chumba cha nyuma na vitu vyake vyote. Usiombe kumiliki nyumba kisha ukakosa pa kwenda.

Jambo la kwanza, alimwita Bi Pansy wakakirudishe kitanda dirishani. Walikisukuma kwa taabu, wakaenda jikoni kunywa chai. Hawakusikia kitu. Waliporudi, kitanda kilikuwa mahali pake, na shuka limetandikwa.

Wakasukuma tena. Safari hii hakikusogea. Wanawake wawili wazima, na hakikusogea hata kidogo.

"Hudanganyika mara moja tu," Bi Pansy akanong'ona. "Sasa ameshajua."

Mchungaji aliitwa. Akaja, akaomba, akatoka mbio akasahau kofia. Hakuirudia.

Alasiri moja Verlene alitoka na gauni lake la nyumbani kwenda dukani kununua viazi vikuu. Alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Aliporudi aliona kitu kwenye ukuta wa lango.

Nguo zake. Zote. Zimepangwa safu moja, zimekunjwa vizuri kuliko alivyowahi kukunja yeye hotelini. Akagusa gauni la kanisani. Lilikuwa la moto, kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Bi Pansy akasogea. Akaliinua lile gauni, akalirudisha upesi.

"Mifuko," akasema.

Verlene akatazama. Gauni, sketi, aproni, kila mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo.

"Nani hushonwa mifuko, Bi Pansy?" Alijua. Alitaka tu mtu aseme jingine.

"Unajua, mwanangu. Anayetiwa kwenye jeneza. Asije akajaza mawe akarudi kuwatupia walio hai." Alikuwa ameanza kurudi nyuma. "Usilale humo leo."

"Nilale wapi?"

Bi Pansy akaitazama nyumba yake, akatazama chini. "Kwangu hapana. Nisamehe." Akaingia, na Verlene akasikia komeo.

Akabaki langoni peke yake. Dirisha la chumba cha mbele likafunguka kutoka ndani, taratibu, kama la mtu anayetaka hewa. Machozi yakamtoka. Nyumba ni yake. Ameinunua kwa mikono yake hii. Akasema potelea mbali, ataingia, kwani ana pengine? Akapanda ngazi. Akapeleka mkono mfukoni achukue ufunguo.

Mkono haukuingia.

Akapapasa. Ufunguo ulikuwamo, aliuhisi ndani ya kitambaa. Juu yake vidole vikagusa uzi.