Nyumba Arobaini na Mbili Zisizoitika

Siku ile mjinga alikuwa Fanuel Mgaya, na ukimuuliza leo hakatai. Kilichomponza ni kwamba siku yenyewe alijiona ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani, na chumba kilikuwa kimejaa watu.

Alikuwa injinia wa Kofia-Darasa katika mji wa Ruaha Mpya. Mhudumu wa afya aliivaa kofia hiyo akiwa sebuleni kwake, akavuta mikononi glavu zenye nyaya, na papo hapo sebule ikayeyuka. Akajikuta mtaani kwenye mafuriko, maji ya tope yakimfika magotini, harufu ya choo kilichofurika ikimpanda puani. Mbele yake zilisimama nyumba arobaini na mbili. Ndani ya baadhi yake walilala wagonjwa-tarakimu, watu waliochorwa na kompyuta, ambao walitapika, wakaharisha, na hata wakafa mhudumu akichelewa. Kazi ilikuwa kuwatafuta, kuwapa maji ya chumvi na sukari, na kutoa taarifa, yote ndani ya saa moja. Mafunzo ya dharura kwa mtandao: hakuna nauli, hakuna posho, hakuna chai ya saa nne. Hilo la chai wahudumu wengi hawakulisamehe.

Kofia ilihesabu kila sekunde. Sekunde ambayo mhudumu amesimama tu iliitwa muda mfu, na muda mfu ulipunguza alama. Sheria hiyo aliitunga Fanuel. Tena, ili kofia isikwame kwenye mtandao dhaifu wa milimani, aliziondoa sauti za wenye nyumba. Wagonjwa waligumia vitandani, lakini mlangoni hakuna aliyeitika. Kwani nani anahitaji kuitikiwa kwenye mtihani?

Bi Sekela Mwasomola alihitaji.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, thelathini kati ya hiyo akizunguka na begi la zahanati. Siku ya mtihani walimu walimtazama kwenye ukuta-picha. Alifika nyumba ya kwanza, akasimama.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Akasubiri. Akajifunga vizuri kitenge, ambacho kofia wala haikukiona.

"Hodi jamani."

Mara ya tatu alipokosa jibu, akageuka, akaenda nyumba ya pili. Akafanya hivyohivyo kwa zote arobaini na mbili. Saa ilipokwisha hakuwa ameingia hata moja. Akavua kofia, akasema kwa upole, "Wenyewe hawapo. Nitarudi kesho."

Chumba kizima kilicheka. Fanuel alicheka mpaka akashika meza. Alama: sifuri. Angeishia hapo, labda leo tusingekuwa na hadithi. Lakini aliikata ile picha, akaiita "Mama Hodi", akaiweka kuwa somo la kwanza la kila mhudumu mpya, mfano wa namna ya kushindwa. Wahudumu elfu moja na mia tisa waliitazama. Walicheka, na walijifunza vizuri sana.

Bi Sekela aliondolewa mitaani, akapelekwa stoo kugawa glavu. Siku anarudisha begi alimuuliza Fanuel, "Injinia, huko mtaani kwenu watu wanaingia tu majumbani mwa watu kama kuku?"

"Mama, kwenye dharura hatuna muda wa salamu."

"Haya," alisema, akaondoka.

Miezi saba baadaye mto ulipasua kingo, bomba kuu la maji safi likapasuka nalo, na kipindupindu, ambacho watoto wa Ruaha Mpya walikijua kwa michoro ya vitabuni, kikaingia mtaa wa Mabondeni. Fanuel aliomba kwenda mwenyewe. Alitaka kuona kofia yake ikivuna.

Alifuatana na Atupele, mhudumu aliyepata alama tisini na saba. Nyuma yao alitembea punda-chuma, mashine ya miguu minne iliyobeba dripu, yenye jicho la kuona joto la mwili kupitia ukutani.

Nyumba ya kwanza walimaliza kwa dakika mbili. Atupele alisukuma mlango, akaingia na vazi lake jeupe na barakoa isiyoonyesha uso, akauliza, "Wagonjwa wangapi?" Mzee aliyekuwa anakula alibaki na tonge mkononi. Fanuel alitabasamu. Nyumba ya tatu, nyuma ya pazia la uani, mama mmoja alikuwa anaoga.

Yule mama alipiga ukelele, na ukelele ule ulishuka mtaani kuwazidi mbio. Nyumba ya sita ilikuwa imefungwa kwa komeo. Ya saba vilevile. Ya nane walisikia kabati likiburutwa.

Kwenye ya kumi na moja, punda-chuma alisimama. "Mtu mmoja amelala," ilisema ile mashine. "Mapigo ni dhaifu."

Fanuel alipiga mlango kwa ngumi. "Fungua! Dharura!"

"Dharura nenda nayo kwenu!" mwanamume alijibu ndani. "Mmemkuta mke wa jirani yangu bafuni, sasa mnamtaka wangu?"

"Mkeo anaumwa, ndugu! Tumemwona!"

"Mmemwona? Mmemwona wapi, na mlango nimeufunga?"

Fanuel aligeuka, akalitazama lile jicho la punda-chuma.

Atupele alimvuta pembeni. "Kaka, tumwite Mama Hodi."

"Nani?"

"Unamjua, kaka."

Alimjua. "Yule alipata sifuri," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe akatazama chini. Hata hivyo hakumwita. Aliandikia makao makuu kuomba ruhusa ya kuvunja mlango. Ombi lilizunguka meza tatu na likarudi baada ya dakika hamsini likidai sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Ndipo alipopiga simu stoo.

Bi Sekela alikuja kwa miguu, sketi ameikunja juu ya maji. Hakuuliza kitu. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, akaishusha barakoa ili uso uonekane.

"Hodi hapa."

Kimya. Fanuel, kwa mazoea, alihesabu. Sekunde kumi na tisa.

"Hodi wenyewe. Ni Sekela wa zahanati."

"Sekela yupi?"

"Aliyempokea Tumaini wenu, yule aliyezaliwa akitanguliza miguu."

Komeo likaanguka. "Karibu, mama," alisema Lusajo, mwenye nyumba, huku analia.

Mkewe aliitwa Semeni. Alifariki kwenye hema la matibabu kabla dripu ya pili haijaisha. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu, akinawa mikono, "Saa moja kabla tungekuwa tunaongea mengine." Atupele hakumtazama Fanuel, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Siku ya ishirini na mbili baada ya mazishi, ambayo hakuyahudhuria, Fanuel alikwenda nyumbani kwa Bi Sekela na kishikwambi kwapani. Alipiga hodi tatu, akaitikiwa, bado akasita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa? Watoto? Mguu? Kuku wanataga?"

"Injinia, unaomba kura? Kaa."

Alikaa. Akaeleza kwamba ile picha ameifuta, kwamba sauti za wenye nyumba zitarudi kwenye kofia, kwamba angependa sauti yake iwe ya mfano. Bi Sekela aliendelea kuchambua maharage.

"Na kila mhudumu atapewa sekunde ishirini mlangoni bila kukatwa alama," Fanuel alimalizia.

"Ishirini umezitoa wapi?"

"Kwa Lusajo ulitumia kumi na tisa, mama."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Yule mwanamke anakata roho, wewe unanipima?"

"Ni mazoea. Nisamehe." Akafuta uso. "Lakini mama, kofia imefaa pia. Mitaa mingine wamepona watu. Na mashine haiwezi kusubiri bila namba. Nipe namba yoyote, nikaitengeneze, walau nipate usingizi."

"Kumbe ni usingizi unaoutafuta."

"Natafuta kurekebisha!"

"Kwa Lusajo umeshakwenda?"

Fanuel alifungua kishikwambi, akakifunga.

"Bado."

"Siku ishirini na mbili."

"Mimi ni mtu wa mitambo, mama. Nikifika pale nitamwambia nini?"

Bi Sekela alipepeta ungo, makapi yakaruka.

"Kwani nani kakwambia zamu ya kusema ni yako? Nenda ukaambiwe."