Bandeji ya Kuombea Kiti

Kila Jumamosi asubuhi mimi humsaidia mjomba Goodluck dukani kwake Kariakoo. Yeye huuza mabegi ya safari kwa jumla. Mimi nafuta vumbi, napanga mabegi madogo ndani ya makubwa, na nasikiliza wateja wakidai nyongeza. Kariakoo ukinunua dazeni nzima bila kuomba nyongeza, watu wanakuona mgeni. Mjomba mwenyewe ni bingwa wa jambo hilo. Hata kwa muuza kahawa haondoki bila kashata ya bure.

Desemba hii nilifaulu vizuri shuleni, na mjomba akaahidi kunipeleka kwa bibi, Marangu, kwa ndege. Sikuwa nimewahi kupanda ndege, kwa hiyo nilihesabu siku. Shida ilikuwa miguu ya mjomba. Ni mrefu mno, na akikaa kwenye kiti cha kawaida magoti yanakaribia kidevu. Tukaenda kwa dada Anifa, mkata tiketi wa mtaa wa pili, akatuonyesha mchoro wa viti kwenye kompyuta.

“Vyenye nafasi ya miguu ni safu ya mbele kabisa na safu ya mlango wa dharura,” alisema. “Ni daraja lilelile la kawaida, ila unalipia zaidi kidogo. Kule mbele huwa wanabakiza kiti kimoja cha mgonjwa. Huyo halipi zaidi.”

“Mimi nakata tiketi mbili, dada yangu. Nipe hiyo nafasi iwe nyongeza!”

“Viti vya ndege havina nyongeza, kaka Goodluck.”

Mjomba alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kile kiti cha mgonjwa.

Siku ya safari tulipitia dukani kwanza. Mjomba aliinama chini ya meza akatoa bandeji kuukuu. Niliitambua mara moja. Ilikuwa ya Pius, mbeba mizigo wetu, aliyekuwa na kidonda mguuni mwezi uliopita. Ilikuwa na rangi ya dawa, na katikati kulikuwa na doa la kahawia lililokauka. Mjomba akapandisha suruali na kuanza kujifunga.

“Mjomba! Hiyo ina usaha wa mtu!”

“Ndiyo vizuri, wataamini. Wewe ukiulizwa, sema nimeanguka kwenye ngazi za stoo. Ukiniharibia, unabaki hapahapa, na bibi utamwona kwenye simu.”

Nilisikia kinyaa mpaka mate yakajaa mdomoni. Mtu ana duka zima la mabegi, halafu anajifunga uchafu wa mwenzake ili asilipie kiti! Hata hivyo nilinyamaza, kwa sababu nilitaka kupanda ndege.

Uwanjani mjomba alichechemea kwa ustadi, isipokuwa alichechemea mguu wa kushoto na bandeji ilikuwa kwenye mguu wa kulia. Mhudumu wa kaunta, kijana aitwaye Benjamini, hakugundua.

“Pole sana, mzee. Imekuwaje?”

Mjomba akanitazama. “Ameanguka kwenye ngazi,” nikasema. Maneno yalinitoka laini kabisa, na hapo nikajichukia kuliko nilivyoichukia ile bandeji. Benjamini akampa mjomba kiti cha safu ya mbele.

Tulikuwa bado tunapanga mizigo yetu pembeni mwa kaunta alipofika mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mguu wake ulinyooshwa mbele, na vyuma vilikuwa vimetokeza kwenye ngozi. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mimi Bi Mwanamkuu, natoka Lindi. Naenda Moshi, kesho daktari ananitazama hivi vyuma.” Akamgeukia mjomba. “Kumbe na wewe umeumia, baba? Pole. Chukua mto wangu huu uweke chini ya mguu, mimi nitakunja khanga.”

Mjomba akaupokea mto. Aliupokea kabisa, akaukumbatia!

Wakati huohuo nilimsikia Benjamini akimweleza Bi Mwanamkuu kwa upole. “Mama, aliyekukatia tiketi hakutuambia habari za mguu. Kiti cha mbele nimeshampa huyu mzee, na wengine kule wana watoto wachanga. Kwenye mlango wa dharura kimebaki kimoja, ila sheria haikuruhusu kukaa pale. Na kwenye kiti cha kawaida utalazimika kukunja mguu.”

“Haukunjiki, baba. Nitakosa daktari.” Macho yake yalianza kulengwalengwa na machozi.

Nikaona ule mto kifuani kwa mjomba, nikasogea kaunta.

“Kaka, nimekudanganya,” nikamwambia Benjamini. “Mjomba hajaanguka. Bandeji ni ya mtu mwingine.”

Foleni nzima ikageuka kututazama. Nilijua sasa safari yangu imekwisha. Mjomba akainama na kuifungua bandeji mwenyewe. Mguu ulikuwa mzima kama wangu. Benjamini akamgeukia.

“Kwenye mlango wa dharura anakaa mtu mwenye miguu mizima, anayeweza kufungua mlango na kusaidia wenzake. Wewe ni mzima?”

“Mzima,” mjomba alinong’ona.

“Sema nisikie. Ni lazima niwe na uhakika.”

“Mzima kabisa!” Watu wakaangua kicheko. Kiti cha mbele akapewa Bi Mwanamkuu. Mjomba akalipa bei kamili ya kile cha mlango wa dharura kwa simu, akamrudishia Bi Mwanamkuu mto wake, na bandeji ikaishia kwenye pipa la taka.

Bi Mwanamkuu alinishika mkono. “Mwanangu, umesema kweli ukiwa na hofu, na hilo ni gumu. Lakini siku nyingine usianze na uongo. Uongo wako ulikuwa umeshakaa kwenye kiti cha mtu.” Kisha akamwambia mjomba, “Na wewe, baba, miguu mizima ndiyo iliyokupa nafasi uliyoitaka. Ulikuwa unaificha ya nini?”

Ndani ya ndege mjomba alinyoosha miguu yake mpaka mwisho, lakini hakuonekana kustarehe. Tulipofika kwa bibi, kabla hata ya kunywa chai, alikwenda bombani akikunakuna mguu wa kulia. Ulikuwa umetoka vipele vyekundu.

“Evelyn,” aliniita, “ulifanya vizuri. Ningekaa pale mbele, na yule mama angebaki uwanjani kwa ajili yangu.” Alitazama chini. “Niletee sabuni.”

Nikampelekea mche mzima. Aliosha mguu mara tatu.