Hodi ya Adhuhuri

Fundi alikuwa na kosa moja ambalo hata wewe unalo: akisikia hodi, huitikia karibu kabla ya kutazama nani yuko mlangoni. Adhuhuri ile alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni, na binti yake mchanga waliyemwita Bonge amelala kwenye kapu la vitambaa. Sauti nyembamba ikabisha. Naye, bila kuinua kichwa, akajibu karibu, pita ndani. Pazia likatikisika. Hakuingia mtu, ila harufu ya chuma kilicholowa, na Bonge akaamka akilia, macho ameyakodoa kwenye tumbo la mama yake.

Tangu hapo damu, iliyokwisha kukatika baada ya uzazi, ikaanza kumtoka upya, ikija na kukatika ipendavyo. Akaificha, maana mama mkwe aliyeishi naye alikuwa na ulimi wa kukatia mabati. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kichefuchefu kilipozidi, bibi yule alinunua kipimo cha mimba mwenyewe, na mistari miwili ikatokea, minene. Akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Hatimaye mjukuu wa kiume, alisema, kana kwamba Bonge alikuwa mzigo wa kuazima. Dereva wa lori, mume wa Fundi, akapigiwa simu huko huko safarini, naye akafurahi.

Fundi hakufurahi. Aliogopa. Jua likiwa utosini, akikanyaga cherehani, alisikia ndani ya mlio wa sindano kitu kingine kikihema, na aliposimamisha mguu sindano ilikoma lakini ile pumzi haikukoma, wala haikutoka mlangoni, wala kapuni kwa mtoto, bali chini ya kitovu chake mwenyewe, ikimwita mama kwa sauti ya mzee aliyechoshwa na kungoja, ikamwita tena na tena mpaka kifua kikambana, akakohoa, na gauni jeupe la mteja lililokuwa mapajani mwake likaingia madoa mekundu.

Alikwenda hospitali bila kumuaga mtu. Daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimpima damu, akamfanyia ultrasaundi, akampiga picha ya kifua. Mtoto hakuwepo. Chembe za kondo la nyuma zilibaki baada ya kujifungua, alieleza, zikageuka saratani, nazo hutoa homoni ile ile ya mimba, ndiyo maana kipimo kilidanganyika. Nyingine zilikuwa zimefika mapafuni. Hakutaka kukata kinyama cha kupima, kwani uvimbe wa aina hiyo ukichokozwa humwaga damu. Ni ugonjwa adimu, lakini unasikia dawa.

"Dripu inaanza kesho," alisema. "Ukichelewa, mwanao atalelewa na mwingine."

Fundi akamsimulia ile hodi, akitegemea kuchekwa. Daktari akainuka, akafunga mlango.

"Si wewe wa kwanza," alinong'ona. "Mimi natibu uvimbe. Yule uliyemkaribisha kwa mdomo wako, mfukuze kwa mdomo huo huo. Na pale nyumbani asiwepo wa kumkaribisha tena."

Asubuhi, Fundi alipoaga kwamba anakwenda kutibiwa, mama mkwe alisimama mlangoni, ufunguo kiganjani.

"Huendi kumuua mjukuu wangu."

"Si mtoto, mama. Ni saratani."

"Saratani inaniita bibi? Nimemsikia mimi, wewe mwanamke. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Fundi akamtazama Bonge, na hasira ikapanda juu ya hofu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuinamisha macho. Alimpiga mama mkwe kikumbo, akatoka na mwanawe.

Dawa ilimnyoosha. Nywele zilibaki kwenye mto, Bonge akahamia maziwa ya kopo, na kila dripu ilipoingia kile kitu kilibembeleza, halafu kikatukana, halafu kikaahidi kumrudia. Fundi aliuma meno akakijibu, ondoka, sikukujua nilipokukaribisha. Homoni ikashuka kipimo baada ya kipimo, hata ikatoweka kabisa. Pumzi ikanyamaza. Bonge akamtazama mama yake usoni, akacheka, na Fundi akalia kwa raha.

Akarudi nyumbani, kwenye cherehani yake. Mama mkwe alikwisha kuombwa, hata kwa magoti, asiitikie hodi bila kutazama.

Adhuhuri moja sauti nyembamba ikabisha. Fundi akauma pini, akamkumbatia mtoto, kimya. Ikabisha tena. Mama mkwe akatoka jikoni, akafunua pazia, akatazama kweli kama alivyoombwa. Hapakuwa na mtu. Akatabasamu.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema. "Humu yupo anayekutaka."

Siku chache baadaye bibi yule, aliyekoma hedhi kabla Fundi hajaolewa, alitoka msalani na kipimo, akakiweka juu ya cherehani. Mistari ilikuwa miwili. Bonge akaanza kulia, macho yamemtoka, akilitazama tumbo la bibi yake.

"Acha hiyo kazi," mama mkwe alisema, akifuta damu mdomoni. "Nishonee nguo za mtoto."