Mwenzi wa Darajani

Dereva alinishusha darajani badala ya kituoni, akanitupia begi langu na kuondoka kabla sijamshukuru. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, Ambatomena, nyanda za juu za Madagaska. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini kutoka Idaho, na watu waliniita Mzee Lindquist. Msicheke. Sisi wamisionari wa Kimormoni huitwa Wazee hata kabla ya ndevu kuota.

Huo ulikuwa uhamisho wangu wa nne. Kila uhamisho ni yale yale: unatajiwa jina la mwenzi usiyemjua, mnakutana, mnapeana mikono, na kuanzia hapo hamwachani. Mnakula pamoja, mnalala chumba kimoja. Mmoja peke yake haruhusiwi hata kubisha hodi kwa mtu. Ni chooni tu unakokwenda bila mwenzako.

Safari hii niliambiwa nitapokewa na Mzee Ratsimba.

Kijana alikuwa amesimama ukingoni mwa daraja. Mmalagasi, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Maandishi ya beji yalikuwa yamefutika.

"Mwenzangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwenzako," nilijibu, nikampa mkono.

Wake ulikuwa umelowa. Nilidhani ni jasho.

"Usiniache," alisema.

Nilicheka. Nani asiyeijua kanuni ile? Nikabeba begi, tukapanda njia ya kijijini. Alinuka tope la mashamba ya mpunga, lakini mimi nilinuka safari ya muda wa saa kumi na moja, kwa hiyo sikumlaumu.

Kijiji kilitupokea kwa chuki. Madirisha yalifungwa moja baada ya jingine. Mbwa mmoja alikojoa palepale aliposimama. Bonge la udongo likanipiga mgongoni.

"Rudi naye huko huko!" mwanamke alipiga kelele. "Usimlete!"

Hasira zilinipanda. Nilishazoea kuitwa mwizi wa mioyo, maana huko mgeni mweupe husingiziwa kwamba huwakata watu mioyo akauze. Lakini kumtupia udongo mtu aliyeacha nyumbani kwao ili awaombee? Watu gani hawa wasio na haya!

"Tubishe," mwenzangu alininong'oneza. "Sasa tuko wawili. Bisha hapa."

Nikabisha.

Mlango ulifunguliwa na mama mnene aliyeshika mwiko wa wali. Nilikuja kumjua kama Mama Voahangy. Alinitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu.

Mwiko ukaanguka.

"Choo kiko nyuma," aliniambia, ingawa sikuuliza. "Nenda chooni, kijana. Peke yako. Sasa hivi!"

Macho yake ndiyo yaliyonipeleka. Nilifunga mlango wa mabati, nikasimama gizani na inzi. Punde nikasikia pumzi upande wa pili wa ukuta.

"Umempa mkono?" Mama Voahangy alinong'ona.

"Ni mwenzangu. Mzee Ratsimba."

"Ratsimba namfulia mashati! Yule siye. Yule alichukuliwa na mto mwaka wa kimbunga. Mwenzake alimwacha darajani akaenda kununua mkate... Yule aliyeachwa hakuonekana tena. Hakuzikwa kwenye kaburi la kwao, ndiyo maana hatulii. Mifupa yake iko majini mpaka leo."



"Nifanyeje, mama?"

"Ukimwacha, atakufuata. Ukikaa naye, atakupeleka mtoni. Labda mwingine ampe mkono badala yako." Akaongeza haraka: "Usinitazame mimi. Nina watoto."

Nilipotoka, yule wa darajani alikuwa hatua mbili tu kutoka chooni. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye mikono ya shati. Mvua haikuwa imenyesha.

"Umechelewa," alisema.

Hapo ndipo nikasikia viatu vikikimbia njiani.

"Mzee Lindquist! Kaka, nimekusubiri kituoni tangu saa tisa, nimekula karanga mpaka zimeniisha!" Kijana mfupi aliingia uani akihema na kucheka. Beji yake ilisomeka vizuri kabisa: RATSIMBA. Akamwona mwenzangu. "Eh, na huyu ni nani? Hawakuniambia tutakuwa watatu."

Ningeweza kusema kimbia. Neno lilikuwa mdomoni. Naapa lilikuwa mdomoni.

"Ni mwenzetu," nilisema. "Msalimie."

Ratsimba alinyoosha mkono kwa furaha. Mmisionari hakatai mkono wa mtu.

Mikono ikakutana.

Ratsimba aliacha kucheka.

"Mzee Lindquist... mbona..."

"Naenda chooni," nilisema.

Nilijifungia nikaziba masikio. Nilipotoka, ua ulikuwa mtupu. Kwenye vumbi kulikuwa na mistari miwili ya maji, sambamba, kuelekea darajani.

Walimkuta Ratsimba siku ya tatu, amekufa, kati ya miche ya mpunga. Msibani mama yake alinishika bega.

"Niambie, mwanangu. Alikuwa na mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi afadhali. Nilikuwa silali, nikidhani alikufa peke yake. Ahsante."

Alinishukuru. Mimi! Nimekuwa mwoga maisha yangu yote tangu siku ile, na ahsante ile ndiyo inayoniuma zaidi.

Nilirudi Idaho nikadhani yamekwisha. Mwezi uliopita nilipata barua ya Mama Voahangy, maneno machache tu.

"Zamani alikuwa akisimama darajani tu, kwa kuwa peke yake hakuruhusiwa kuja milangoni. Ulimpa mwenzi. Sasa wako wawili, na kila jioni wanabisha hodi. Jana walibisha kwangu. Mtoto ndiye aliyefungua."